Sindano ya Binti na Aibu ya Mama



Jumamosi iliyopita jirani yangu alinikuta nimeketi barazani. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, ambayo binti yake wa darasa la nne alirudi nayo kutoka shuleni. Karatasi hiyo ilieleza kwamba wahudumu wa afya watafika shuleni kuwachanja wasichana dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi.

"Jirani," aliniambia, "wewe ni mtu wa redio, unasoma mengi. Mwanangu bado mdogo, hajui mwanamume. Wanamkinga na nini? Na mbona wanachomwa wasichana tu?" Kisha akatazama huku na huku, akashusha sauti na kusema lile hasa lililomleta: "Wenzangu sokoni wanasema sindano hii inafunga kizazi."

Sikumjibu palepale. Nilimwomba anipe siku chache, kwa kuwa maswali yake matatu yana historia ya karibu miaka 200, na mtu akijibiwa harakaharaka hubaki na wasiwasi uleule. Leo namjibu hapa, kwa ruhusa yake, maana najua hayuko peke yake.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Mlango wa kizazi, wengine huuita shingo ya kizazi, ni ile sehemu nyembamba inayounganisha uke na mji wa mimba. Saratani ya sehemu hiyo haina papara. Tangu chanzo chake kiingie mwilini hadi saratani kujitokeza, kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20. Katika muda wote huo mwanamke haumwi kitu. Analima, anauza, anazaa, analea. Damu isiyo ya kawaida na maumivu ya nyonga vinapoanza, mara nyingi ugonjwa umekwisha kusambaa.

Kwa makadirio ya mwaka 2022, wanawake wapatao 660,000 duniani waligundulika kuwa na saratani hiyo, na wapatao 350,000 walikufa. Katika kila vifo 100, vifo 94 vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hapa Tanzania pekee makadirio ya mwaka huo yalikuwa wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,000. Aliyewahi kumpeleka mgonjwa Ocean Road, pale ufukweni Dar es Salaam, haelezwi zaidi. Amewaona akina mama wamekaa kwenye mabenchi, khanga mabegani, wakisubiri zamu ya mionzi, wengi wao wamefika wakiwa wamechelewa.

Kwa nini wamechelewa? Umaskini ni sababu moja, na umbali wa hospitali ni nyingine. Lakini ipo sababu ya tatu, ambayo ni aibu. Na aibu hiyo, ndugu msikilizaji, ina historia yake.

Mwaka 1842 daktari mmoja wa Italia, Domenico Rigoni-Stern, alichapisha hesabu alizozipata kwa kupekua daftari za vifo za mji wa Verona, kuanzia mwaka 1760 hadi 1839. Aliona jambo la ajabu. Saratani ya kizazi iliwaua wanawake walioolewa na wajane, lakini ilikuwa nadra sana kwa watawa wa kike, wale masista walioishi ndani ya kuta za nyumba zao za kitawa. Siku hizo hakuna aliyejua kwamba duniani kuna viumbe waitwao virusi. Hata hivyo hesabu zilikuwa zimenong'ona kitu: ugonjwa huu una uhusiano na tendo la ndoa.

Mnong'ono huo ulikuwa wa kweli. Ubaya ni kwamba watu waliuchukua na kuutia chumvi. Ikaonekana kwamba mwanamke mwenye saratani ya kizazi lazima alikuwa na mwenendo mbaya. Kwa zaidi ya miaka 100 mgonjwa akabeba mizigo miwili, saratani yake na macho ya watu. Mama aliyeolewa akiwa kigori, asiyemjua mwanamume mwingine ila mumewe, naye aliona haya kumwambia hata dada yake kwamba anatokwa na damu.

Wakati huohuo wataalamu walikuwa wakitafuta njia ya kuuona ugonjwa mapema. Mgiriki mmoja aliyehamia Marekani mwaka 1913, George Papanicolaou, alianza kuchukua ute wa ukeni na kuutazama kwa darubini. Mkewe, Andromache, alijitolea kwa miaka mingi kuwa mtu wa kuchukuliwa sampuli hizo. Papanicolaou aligundua kwamba chembechembe zinazoelekea kuwa saratani hubadilika sura miaka mingi kabla mwenyewe hajaumwa. Alipoeleza habari hizo mwaka 1928 wenzake hawakumjali sana. Lakini kitabu alichokitoa pamoja na Herbert Traut mwaka 1943 kiliwafungua macho madaktari. Kipimo chake, kinachoitwa Pap kwa kufupisha jina lake, kilipunguza sana vifo katika nchi zenye maabara na wataalamu wa kutosha. Katika nchi zetu, ambako maabara za namna hiyo zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, wanawake wengi hawakukiona kipimo hicho.

Hapa sina budi kumtaja mwanamke mmoja. Mwaka 1951, mama mweusi wa Marekani aitwaye Henrietta Lacks alilazwa katika hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore. Alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Madaktari walichukua kipande cha uvimbe wake bila kumwomba ruhusa. Henrietta alifariki Oktoba mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 31, akaacha watoto watano. Lakini chembechembe zake hazikufa. Ziliendelea kuzaana ndani ya vyupa vya maabara, zikapewa jina la HeLa, zikasambazwa ulimwengu mzima, na zikatumika hata kupima chanjo ya polio. Familia yake haikujua lolote hadi miaka ya 1970. Mkumbuke mama huyu, maana tutamrudia.

Sasa twende Ujerumani. Katika miaka ya 1970 wataalamu wengi waliamini kwamba saratani hii inasababishwa na virusi vya malengelenge ya sehemu za siri. Daktari Harald zur Hausen aliwatafuta virusi hao katika vipande vya saratani asiwaone. Alipowaambia wenzake kwenye mkutano huko Florida mwaka 1974, hawakufurahishwa naye. Yeye alishuku virusi vya jamii nyingine, wale wanaoleta chunjua, na ambao leo tunawafahamu kwa jina la HPV. Jamii hiyo ina aina zaidi ya 100. Nyingi hazina madhara makubwa. Wengine huotesha tu chunjua za mikononi ambazo kila mtoto wa shule anazijua.

Mwaka 1983 kikundi chake kiliipata aina namba 16 ndani ya saratani ya mlango wa kizazi. Mwaka uliofuata kikaipata namba 18. Aina hizi mbili peke yake husababisha karibu asilimia 70 ya saratani zote za mlango wa kizazi. Na walipozichunguza zile chembechembe za HeLa, humo nako wakaikuta namba 18. Zaidi ya miaka 30 baada ya kuzikwa, Henrietta Lacks alikuwa ametoa ushahidi wa kilichomuua. Zur Hausen alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2008.

Ugunduzi huo ulipaswa kuizika ile aibu. Sababu ni kwamba HPV si virusi vya wahuni. Ni virusi vya watu wote. Karibu kila mtu aliyewahi kukutana kimwili na mwenzake huwapata wakati fulani wa maisha yake, mwanamume kwa mwanamke, mara nyingi bila kujua. Mume mmoja anatosha. Hata kondomu, ingawa inasaidia, haizuii kabisa, kwa sababu virusi hawa hupita kwa kugusana ngozi. Kwa walio wengi mwili wenyewe huwafukuza katika muda wa mwaka mmoja au miwili. Kwa wachache hukataa kutoka, na hao ndio walio hatarini. Mwanamke anayeishi na virusi vya UKIMWI yuko katika hatari mara 6 zaidi ya asiye navyo, maana kinga ya mwili wake imedhoofika.

Kwa hiyo, jirani, mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi hana la kujitetea mbele ya mtu yeyote. Amepata kile ambacho karibu sote tumekipata, ila mwili wake haukubahatika kukishinda.

Sasa chanjo. HPV hawakubali kufugwa maabara kwa urahisi kama virusi wengine, na tena kumdunga mtu mzima virusi wenye kuleta saratani ni jambo lisilofikirika. Mwaka 1991, katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, Ian Frazer, mzaliwa wa Uskochi, na Jian Zhou, mzaliwa wa China, walifanikiwa kutengeneza ganda la nje la kirusi peke yake, bila kitu ndani. Wataalamu wa Marekani nao walikuwa wakifanya kazi ya namna hiyohiyo. Jian Zhou alifariki mwaka 1999 kabla ya kuiona chanjo ikitumika.

Ganda hilo lifikirie kama kaka la yai. Ukiliona kwa mbali utadhani ni yai, lakini ukiliatamisha hata mwaka mzima haliangui kifaranga. Ndivyo ilivyo chanjo hii. Askari wa mwili wanaliona ganda, wanaishika sura yake na kutengeneza silaha dhidi yake. Siku kirusi mwenyewe akija, anakuta wanamjua. Ndani ya ganda hamna chembe ya uhai inayoweza kuzaana, wala hamna kitu kinachogusa mayai ya binti au mji wake wa mimba.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali la kwanza la jirani yangu. Chanjo hii inazuia, haitibu. Haiwezi kumtoa kirusi aliyekwisha kuingia. Ndiyo maana hutolewa kwa msichana wa miaka 9 hadi 14, wakati hajakutana na mwanamume. Kumchanja si kumshuku wala kumfungulia mlango wa uhuni. Tunawachanja watoto surua wangali wachanga, na hakuna anayesema tunawakaribisha surua.

Swali la pili, mbona wasichana tu? Kwa kweli wavulana nao hubeba virusi hawa, na wanaume hupata saratani ya koo, ya uume na ya njia ya haja kubwa kwa sababu yao. Australia, iliyoanza kuwachanja wasichana nchi nzima mwaka 2007, iliwaongeza wavulana mwaka 2013. Lakini mzigo mkubwa wa vifo umewaangukia wanawake, na chanjo zinapokuwa chache huanza kupewa aliye hatarini zaidi.

Je, inafanya kazi? Chanjo ilianza kuidhinishwa mwaka 2006, na sasa majibu yapo. Nchini Sweden wataalamu walifuatilia wasichana na wanawake zaidi ya milioni 1.6. Majibu yaliyotoka mwaka 2020 yalionyesha kwamba waliochanjwa kabla ya kufika miaka 17 walipata saratani hii pungufu kwa asilimia 88 wakilinganishwa na wasiochanjwa. Uingereza, majibu ya mwaka 2021 yalionyesha pungufu ya asilimia 87 kwa kundi lililochanjwa likiwa na miaka 12 na 13. Mwaka 2024 Uskochi ilitangaza kwamba miongoni mwa waliokamilisha chanjo katika umri huo haikuonekana saratani hiyo hata moja.

Lakini mwanzoni chanjo hii ilikuwa ya matajiri. Dozi moja iliuzwa zaidi ya dola 100 za Marekani, na zilihitajika dozi tatu. Rwanda ndiyo iliyovunja mwiko barani Afrika. Mwaka 2011, kwa msaada wa chanjo kutoka kwa watengenezaji, iliwafuata wasichana mashuleni na kuwachanja zaidi ya asilimia 90 ya waliokusudiwa, kiwango ambacho nchi nyingi tajiri hazijakifikia. Mwaka 2013 muungano wa chanjo wa Gavi ulipata bei ya dola 4.50 kwa dozi kwa ajili ya nchi maskini. Tanzania ikaanza na mkoa wa Kilimanjaro mwaka 2014, na Aprili 2018 ikaingia nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14. Kenya ilifuata Oktoba 2019.

Na hapa nataka tujivunie kidogo. Swali la iwapo dozi moja inatosha halikujibiwa Ulaya peke yake. Jijini Mwanza, wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 walishiriki utafiti wa kulinganisha dozi moja, mbili na tatu. Nchini Kenya walishiriki wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20, na majibu ya mwaka 2022 yalionyesha kwamba katika miezi 18 ya kwanza dozi moja ilizuia maambukizi sugu ya namba 16 na 18 kwa zaidi ya asilimia 97. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likakubali kwamba nchi zinaweza kutumia dozi moja. Aprili 2024 Tanzania nayo ikahamia dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mikono ya mabinti wa Mwanza imesaidia kuwapunguzia sindano mabinti wa dunia nzima.

Nimebakiza swali la tatu, lile la kunong'ona. Jirani, sitakucheka. Hofu yako haikuota yenyewe kama uyoga. Mtaalamu mashuhuri wa Kijerumani, Robert Koch, ambaye alifanya kazi pia hapa Dar es Salaam enzi za ukoloni, alikwenda visiwa vya Ssese katika Ziwa Victoria mwaka 1906, akawadunga wagonjwa wa malale dawa iitwayo atoksili. Baadhi yao walipofuka. Henrietta Lacks hakuombwa ruhusa. Watu wana haki ya kukumbuka, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Anayepuuza kumbukumbu hizo na kuwaita wananchi wajinga hajui kazi yake.

Lakini akishakwisha kushtuka, mtu huinama akatazama kama ni nyoka kweli au ni ung'ongo. Tumetazama. Hadi mwaka 2017 dozi zaidi ya milioni 270 zilikuwa zimesambazwa duniani, na kamati ya Shirika la Afya Duniani inayoshughulikia usalama wa chanjo ilipozipitia taarifa zake haikuona uthibitisho kwamba chanjo hii huharibu uzazi. Kilichoonekana ni maumivu ya mkono, homa kidogo, kuumwa kichwa, na baadhi ya wasichana kuzimia kwa hofu ya sindano. Kinachofunga kizazi, jirani, ni saratani yenyewe. Mgonjwa wake huondolewa mji wa mimba au huchomwa mionzi.

Tazama pia yaliyoikuta Japani. Mwaka 2013, baada ya magazeti na televisheni kueneza habari za wasichana waliodaiwa kudhurika, serikali iliacha kuihimiza chanjo hii. Uchanjaji ukaanguka kutoka karibu asilimia 70 hadi chini ya asilimia moja. Uchunguzi haukuthibitisha madai hayo, na mwaka 2022 serikali ikarudi kuihimiza. Lakini wataalamu wamekadiria kwamba miaka ile michache ya kusitasita itagharimu maisha ya wanawake zaidi ya 5,000. Sisi wa vyombo vya habari tuisome hesabu hiyo mara mbili.

Nilipomaliza kumweleza jirani yangu haya jana jioni, nilimuuliza swali moja na mimi. "Na wewe mwenyewe, umewahi kupimwa?" Alicheka, akajifunika uso kwa khanga. "Mimi? Nikavue nguo mbele ya vitoto vya juzi pale zahanati?"

Hiyo ndiyo aibu ya Verona, ndugu msikilizaji. Imevuka bahari na karne mbili, ikaja kukaa nasi barazani. Chanjo haiwezi kumsaidia tena mama wa miaka 38 kama inavyomsaidia bintiye. Kinachomfaa yeye ni uchunguzi. Siku hizi si lazima kusubiri maabara kubwa. Muuguzi hupaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, na baada ya dakika moja hivi sehemu yenye kasoro hubadilika kuwa nyeupe. Kasoro ya mapema huweza kutibiwa siku hiyohiyo na mama akarudi kupika chakula cha jioni. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa saratani hujengwa kwa gharama ambayo familia nyingi haziiwezi.

Mwaka 2020 mataifa yaliweka lengo kwamba ifikapo 2030 wasichana 90 katika kila 100 wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, wanawake 70 wawe wamechunguzwa, na wagonjwa 90 wawe wanatibiwa. Kwa upande wetu matunda ya chanjo yatachelewa kuonekana. Msichana aliyechanjwa mwaka 2018 akiwa na miaka 14 alizaliwa mwaka 2004, na umri wa hatari bado hajaufikia. Ni kama kupanda mnazi. Anayepanda ni mmoja, na madafu pengine atakunywa mwingine.

Jirani, karatasi ya shule umerudi nayo nyumbani. Mruhusu binti achanjwe. Kisha siku hiyohiyo, wewe na wifi yako, nendeni zahanati mkachunguzwe. Kama mnawaonea haya wale wauguzi vijana, mwulizeni mkubwa wao awapangie mwenzao mtu mzima. Na ukirudi, waambie wenzako wa sokoni ulichokiona kwa sauti ileile uliyotaka kuniambia uvumi, ila safari hii usiishushe.

Hadi wiki ijayo, nawatakia afya njema.